Tovuti ya shule ilimsafirisha mtoto bure bilashi, sasa nimepewa laki nne niirekebishe

Shikamoo mama,

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita kwenye shule moja binafsi ya msingi hapa Njombe, mchepuo wa Kiingereza, bweni na kutwa. Nasoma safu yako tangu nikiwa chuoni na sikuwahi kufikiri kwamba nami nitakuandikia, tena si kuhusu ndoa wala deni, bali tovuti.

Januari mwaka huu, Jumamosi moja kabla ya kufungua shule, nilikuwa zamu. Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umeshika mpaka huoni mlingoti wa bendera, bajaji ikapanda hadi getini. Akashuka baba mmoja na binti mdogo, wakashusha tranka, godoro lililokunjwa, ndoo na mfuko wa sabuni. Walikuwa wamesafiri usiku kucha kutoka Dar es Salaam. Yule baba ni mwenyeji wa Makete, anauza vitenge Kariakoo, na alitaka mtoto akulie karibu na bibi yake. Binti alikuwa anaingia darasa la pili.

Matroni akamweleza kwa upole kwamba bweni letu linaanzia darasa la tano. Madarasa ya chini tuliyatoa bwenini mwaka 2023, waraka wa wizara ulipotoka. Baba hakubisha. Alitoa simu, akafungua tovuti yetu, akasubiri weee, hatimaye akatuonyesha: bweni kuanzia darasa la kwanza. Na ada pembeni, ya mwaka 2019. Nikamuuliza kama alipiga simu kwanza. Akasema alipiga ile namba ya chini ya ukurasa mara nne, haipatikani. Ni namba ya katibu muhtasi aliyeacha kazi siku nyingi.

Mtoto alikuwa amevaa sweta la Dar, lile jepesi la kuvaa kwenye basi lenye kiyoyozi. Mpishi akampa uji, akaunywa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Baba alisema neno moja tu ambalo mpaka leo halijanitoka: "Mwalimu, mimi nikiandika bei kwenye kipande cha boksi nikakiweka juu ya mzigo, hiyo ndiyo bei. Siwezi kumwambia mteja kwamba hiyo ni ya zamani." Wakapanda bajaji ile ile kurudi stendi.

Kwenye kikao mkuu alisema tovuti irekebishwe, na kwa kuwa mimi ndiye ninayewasha projekta ikigoma, kazi nikaangushiwa mimi. Nimepewa shilingi 400,000 kwa mwaka mzima. Fundi mmoja wa Mbeya nimemwomba makadirio, ameniletea haya: kusanifu upya 1,200,000, picha zinazopishana ukurasa wa mbele 250,000, cheti cha usalama 180,000, sehemu ya kuchati na wageni 300,000, mfumo wa matokeo mtandaoni 570,000. Jumla milioni mbili na nusu. Mkuu alicheka, kisha akanyamaza.

Kijana aliyeitengeneza mwaka 2019 ndiye mwenye paswedi, na simu zetu hapokei. Jina la tovuti linaishia na .sc.tz na ndani wametumia WordPress, programu ya kutengenezea tovuti, hayo tu ndiyo ninayoyajua. Ukurasa wa mbele una picha tano kubwa zinazobadilishana, na ya kwanza ni ya mkuu aliyestaafu mwaka 2021. Mwalimu wa taaluma anasema tuachane nayo, makundi ya WhatsApp yanatosha. Mkuu naye anataka wanafunzi kumi bora wa kila darasa wawekwe mbele kabisa, picha, jina na alama, ili shule ionekane.

Nianzie wapi, mama? Sipendi kukataa kazi, lakini sitaki mtoto mwingine ashushwe getini na godoro lake.

Mwalimu wa darasa la sita, Njombe

Marahaba mwalimu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikuwa namtazama huyo mtoto na kikombe chake. Kwa hiyo naanza na la leo, bajeti itasubiri. Mtafuteni yule katibu muhtasi wa zamani mumuulize kama ile laini bado anayo. Kama anayo, aiwashe na kuielekeza kwenye namba ya ofisi mpaka mtakapoibadilisha. Halafu iandike shule yenu kwenye Google uone kinachotokea: wazazi wengi hawafiki hata kwenye tovuti, wanaishia kwenye kile kiboksi chenye ramani na namba ya simu. Kiboksi hicho shule inaweza kudai umiliki wake bure. Uhakiki huchukua siku kadhaa, lakini hakihitaji paswedi ya kijana yeyote. Wekeni namba inayofanya kazi, na kwenye maelezo mwandike wazi kwamba bweni ni kuanzia darasa la tano. Na iwe laini ya shule, inayokaa ofisini, si ya mwalimu. Walimu huhama na laini zao.

Sasa ufunguo. Ninyi mna nyumba ambayo hati iko mfukoni kwa mtu asiyepokea simu. Kabla ya rangi na mapazia, hati kwanza. Majina yote yanayoishia na .tz yanasimamiwa na TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano (zamani ilikuwa tzNIC), na hilo la .sc.tz ni tawi la shule. Kwenye tovuti yao ya majina ya .tz kuna sehemu ya kuulizia jina, mafundi wanaiita whois. Andika jina lenu, itakuonyesha limesajiliwa kupitia kampuni gani na linaisha muda lini. Hiyo tarehe ya mwisho iandike kwenye kalenda ya ukutani ofisini kwa wino mwekundu. Kisha mwandikie hiyo kampuni barua rasmi, yenye nembo na mhuri wa shule na nakala ya cheti cha usajili wa shule, mkiomba jina liandikwe kwa shule, na barua pepe ya mawasiliano iwe ya shule.

Kabla ya barua hiyo lakini, jiulize jambo ambalo sidhani mkuu wako amejiuliza. Jina la tovuti hulipiwa kila mwaka. Nafasi ambayo tovuti inakaa, ile wanayoiita hostingi, nayo hulipiwa. Tovuti ilitengenezwa 2019 na Januari hii bado ilifunguka kwenye simu ya mtu Kariakoo. Nani amekuwa akilipa? Nenda kwa mhasibu, fungueni mafaili, tafuteni stakabadhi. Ikiwa shule imekuwa ikilipa, basi mna jina la kampuni na namba ya akaunti, na nusu ya kazi imekwisha. Ikiwa hamna stakabadhi hata moja, upo uwezekano mkubwa kwamba kijana amekuwa akiwalipia kutoka mfukoni mwake, na ndiyo maana simu zenu hazipokei: kila akiona namba ya shule anajua ni ya kuombwa tena, si ya kulipwa. Nimeliona hili zaidi ya mara moja. Usimtishie polisi. Mtumie ujumbe wa maandishi, wa heshima, umwambie shule inataka kujua inadaiwa kiasi gani ili akabidhi. Nakwambia atapiga yeye.

Kuhusu makadirio ya fundi, simlaumu, mtu anauza alichonacho. Ila tuyapitie. Cheti cha usalama cha 180,000: hicho ndicho kinachofanya kile kikufuli kitokee pembeni ya jina la tovuti, na shirika liitwalo Let's Encrypt linakitoa bila malipo. Kampuni nyingi za hostingi zinakiweka kwa kubofya mara moja. Usilipe. Sehemu ya kuchati ya 300,000: nani atakaa kujibu saa tatu usiku, wewe? Weka kiungo cha wa.me chenye namba ya shule, mzazi akikibofya kinamfungulia WhatsApp moja kwa moja, na hakina gharama. Picha zinazopishana za 250,000, hizo ni kulipa ili tovuti iwe nzito zaidi ya ilivyo. Mfumo wa matokeo nitaurudia, kwa sababu una jambo la mkuu wako ndani yake.

Inabaki kusanifu upya, 1,200,000. Hapa nitakueleza nilikotoka.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilikaa miaka tisa kwenye meza ya mapokezi ya shule moja Iringa. Simu ilikuwa mkononi mwangu kuanzia asubuhi. Hakuna mzazi hata mmoja, katika miaka tisa, aliyepiga kuuliza dira na dhamira ya shule ni nini. Waliuliza: mnafungua lini? Mnafunga lini, nikate tiketi? Ada ni kiasi gani na inalipwa kwa awamu ngapi? Gari la shule linafika Ipogolo? Mtoto aje na blanketi ngapi? Nafasi ya darasa la tatu ipo? Siku ya kutembelea watoto ni lini? Nilikuwa na daftari la kaunta, nikawa napiga mstari mmoja kwa kila swali lililorudiwa, mwanzoni kwa kujifurahisha tu. Baada ya wiki mbili ukurasa ule ulikuwa mchoro kamili wa kile ambacho shule ilikuwa haijawaambia watu.

Fanya hivyo. Mpe katibu muhtasi wenu daftari na kalamu, wiki mbili, kila simu ni mstari. Asiandike jina la mzazi, aandike swali tu. Chagua wiki za karibu na kufungua au kufunga, ndipo simu zinapomiminika. Maswali saba au nane ya juu ndiyo tovuti yenu. Nyingine zote ni pambo.

Ukishapata daftari utaona huhitaji kurasa ishirini. Kwa shule kama yenu nakisia zitatosha sita: ukurasa wa mbele wenye tangazo la sasa na simu, kujiunga na ada, mahitaji ya bweni, kalenda ya mwaka, usafiri, na mahali tulipo. Ule wa mahitaji ya bweni uandike ukikumbuka baba wa Kariakoo. Mtu wa Dar hajui Njombe ya Juni na Julai. Orodha yenu ya sasa, bila shaka, imeandika "sweta 1, blanketi 1" kama ya shule iliyoko Kibaha. Andika blanketi zito au mawili, soksi nzito, nguo ya ndani ya mikono mirefu, kofia ya sufu, koti la mvua, na useme kabisa kipi kinapatikana sokoni Njombe kwa bei nafuu ili mzazi asikibebe kutoka Dar. Muulize matroni, yeye ndiye anayejua mtoto gani alilia kwa baridi wiki ya kwanza. Aya moja ya matroni ina thamani kuliko zile picha tano za kupishana.

Na kila ukurasa wenye ada au utaratibu, weka juu yake tarehe: "Imehakikiwa Januari" ya mwaka fulani. Kosa lenu kubwa halikuwa kuandika bweni darasa la kwanza. Mwaka 2019 ilikuwa kweli. Kosa ni kwamba hakuna mtu shuleni ambaye waraka wa 2023 ulipofika mezani alisema, "na kwenye tovuti je?" Mlibadilisha vitanda, mkasahau maandishi. Kwa hiyo mwombe mkuu jambo moja la kiutawala, halina gharama: waraka wowote ukija, ada ikibadilika, mwalimu akihama, nakala ipite mezani kwako kabla haijaingia kwenye faili.

Upande wa ufundi sitakaa sana. WordPress yenyewe ni ya bure, ila inahitaji kusasishwa, na yenu naona haijaguswa kwa miaka. Tovuti iliyoachwa hivyo huvamiwa kirahisi; siku moja mzazi atabofya jina la shule na kupelekwa kwenye ukurasa wa kamari. Mkipata paswedi, kwanza chukueni nakala ya kila kitu kilichomo, muihifadhi kwenye flashi na kwenye kompyuta ya ofisi. Halafu, badala ya kuhangaika kukarabati ya zamani, mpeni kijana wa hapo hapo mjini kazi ya siku mbili: aweke WordPress mpya, mwonekano mmoja mwepesi wa bure, viongezeo (vile vijiprogramu vya kuiongezea tovuti kazi) vichache kabisa, na kurasa zenu sita. Maandishi mpe tayari yakiwa yameandikwa. Fundi akilazimika kukutungia maneno, utapata "karibuni katika shule yetu tukufu" na bei itapanda.

Picha ndizo zinazoua. Picha moja iliyotoka kwenye simu ya kisasa inafika megabaiti nne bila shida. Tano ni ishirini. Mzazi mwenye bando la megabaiti 500 ametumia sehemu moja ya ishirini na tano kumwangalia mkuu aliyestaafu. Punguza picha kabla ya kuipandisha: upana wa pikseli 1,200 unatosha kabisa, na uzito usizidi kilobaiti 200. Kuna programu ya bure inaitwa Squoosh, inafanya kazi ndani ya kivinjari, unaburuta picha, unasogeza kitelezi, unahifadhi. Ukimaliza, kaipime tovuti mahali inapotumika kweli. Usiipime ofisini kwenye intaneti ya mkuu. Azima simu ya bei rahisi ya mlinzi, nenda stendi ya Makambako siku ya gulio, fungua, hesabu sekunde. Ukifika kumi hujaona namba ya simu, rudi ukapunguze.

Fomu ya kujiunga nayo, tafadhali, isiwe picha iliyoskaniwa imelala upande. Nimekutana nazo nyingi. Mzazi anageuza simu, na maandishi nayo yanageuka.

Lugha. Ninyi ni mchepuo wa Kiingereza na najua mkuu atataka tovuti yote iwe ya Kiingereza, tena kile cha maua. Watoto watasoma Kiingereza darasani. Anayelipa ada ni mama wa Lupembe mwenye shamba la chai, au bibi, au huyo baba wa vitenge. Ada, tarehe, mahitaji na usafiri viwe kwa Kiswahili kwanza, Kiingereza kifuate chini kwa anayekitaka. Hii haishushi hadhi ya shule. Inapunguza simu.

Mwalimu wa taaluma usimpuuze, ana nusu ya ukweli. Makundi ya WhatsApp yanafikisha habari haraka kuliko tovuti yoyote. Lakini tangazo la kufunga shule likiwekwa saa nne asubuhi, kufika jioni limefunikwa na "Amina", "Hongereni walimu", salamu za msiba na tangazo la mtu anayeuza parachichi. Na mzazi ambaye bado hajaandikisha mtoto hayumo kundini kabisa. Yule baba hakuwa kwenye kundi lenu. Kwa hiyo msichague kimoja. Tangazo liandikwe kwenye tovuti, kisha kiungo chake kitumwe kundini. Akiuliza tena kesho kutwa, unamtumia kiungo kile kile, huandiki upya.

Sasa mkuu na kumi bora wake. Hapa nakuomba uwe mgumu kidogo, kwa adabu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 2023, na taarifa za watoto imeziweka kwenye kundi la taarifa nyeti. Picha ya mtoto wa miaka tisa, jina lake kamili, darasa lake na jina la shule anakolala, vyote kwenye ukurasa ambao mtu yeyote duniani anaufungua, hivyo siyo sifa, ni ramani. Na yule wa kumi na moja? Na yule wa mwisho, ambaye mama yake naye analipa ada ile ile? Mwambie mkuu kwamba hata Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule bora na wanafunzi bora Januari 2023. Matokeo ya darasa la saba Baraza linayatoa kwenye tovuti yake. Wekeni kiungo cha kwenda huko, anayetaka kuwapima atawapima. Alama za kila mtoto zimwendee mzazi wake. Hivyo ule mfumo wa 570,000 nao unakufa, maana mfumo wa kutunza alama za watoto mtandaoni unahitaji mtu wa kuulinda kila siku, na ninyi mna mwalimu mmoja mwenye vipindi.

Picha hazikatazwi. Kwenye fomu ya kujiunga ongezeni kipengele ambacho mzazi anaweka saini kukubali au kukataa, na anayekataa aheshimiwe, msimvute mtoto pembeni mbele ya wenzake kila kamera ikitoka. Pigeni picha za kundi, za mikono ikipanda miche, za migongo wakikimbia mchakamchaka, bila majina. Picha ya bweni ipigwe likiwa tupu na limetandikwa. Mzazi anataka kuona kitanda na dirisha lenye kioo kizima.

Jambo moja hukuliuliza lakini lina matapeli. Msiweke kwenye tovuti namba ya simu ya kutumia ada. Andikeni kwamba ada inalipwa benki tu, kwenye akaunti yenye jina la shule iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga, na kwamba hakuna mwalimu anayetuma ujumbe kuomba ada iende namba nyingine. Sentensi hiyo iwe nene. Siku mzazi wa Dar atakapopokea ujumbe wa "ile hela tuma humu", atafungua tovuti kuhakikisha, na hapo tovuti yenu itakuwa imejilipa.

Laki nne itatosha? Inatosha kama utaigawa kabla haijaanza kutafunwa. Kwanza toa ya jina na hostingi ya mwaka mzima. Omba bei kwa kampuni mbili tatu za hapa nchini, zinatofautiana, na chukua kifurushi kidogo kabisa, shule yenu haina wageni wa kujaza kikubwa. Pili, bando lako. Usitumie la mfukoni mwako, ndiyo njia iliyompoteza yule kijana. Shilingi 10,000 kwa mwezi ni 120,000 kwa mwaka, na mkuu asaini. Tatu, fundi wa siku mbili, kwa makubaliano ya maandishi kwamba akimaliza anakabidhi paswedi zote na anamwondoa mtu mwingine yeyote kwenye akaunti. Inayobaki ikae kwa mhasibu, usiitafutie kazi. Kama kijana wa 2019 anadai, deni lake hilo lisitoke kwenye laki nne yako. Ni deni la shule, lilikuwepo kabla yako.

Paswedi ziandikwe kwenye karatasi, ziingie kwenye bahasha iliyofungwa, bahasha iingie kwenye kabati la chuma la mkuu. Na awepo mtu wa pili anayejua kuingia, hata katibu muhtasi, mfundishe kubadilisha tarehe na tangazo tu. Nawe utahama siku moja, au utajifungua, au utaenda masomoni. Sitaki mwaka 2031 nipate barua ya mwalimu mwingine akilalamika kwamba aliyekuwa na paswedi hapokei simu.

Kabla ya hayo yote, mwalimu: namba ya yule baba mnayo? Mlinzi huwa anaandika wageni kwenye kitabu cha getini, itafute tarehe ile. Mpigie wewe mwenyewe, usimwachie katibu. Mwambie maandishi yale yalikuwa yenu na mtayafuta, na muulize binti amepata shule wapi. Darasa la tano kwake ni miaka mitatu tu kutoka Januari ile. Muulize pia alikuwa akitafuta nini kingine kwenye ile tovuti asikione, na hilo uliandike kwenye mstari wa kwanza wa daftari.